Moriyasu alibadilisha nini hasa dhidi ya Ujerumani, na timu ya mtaa yaweza kuiga?

Nambari6_Mamboleo, Kisumu
Wadau, hamjambo. Kila makocha wa vijana wakikutana huku, lazima jina la Hajime Moriyasu, aliyeinoa Japani, litajwe kwa sababu ya Kombe la Dunia 2022: Japani 2, Ujerumani 1. Maelezo huwa ni kwamba "alijaza washambuliaji". Sidhani ni hilo tu. Alibadilisha nini hasa, aliyatoa wapi maarifa hayo, na kikosi cha wachezaji 18 chenye mazoezi mara 2 kwa wiki kinaweza kuiga lipi?

JukwaaLaBukhungu, Kakamega
Kocha, Japani ilipokuwa nyuma bao 1, mtu wa kwanza kuingia alikuwa beki. Mapumzikoni Kubo, winga, alitoka na Tomiyasu akaingia.

Kipindi cha kwanza walikuwa 4-2-3-1 (mabeki 4, viungo wakabaji 2, viungo washambuliaji 3, mshambuliaji 1). Raum, beki wa kushoto wa Ujerumani, alipanda hadi mstari wa mbele na Musiala akajiegesha ndani, kwa hiyo mabeki 4 walikuwa wanakaba watu 5. Penalti ya Gündogan ilitokana na Raum huyohuyo kuachwa peke yake na kuangushwa na kipa. Kipindi cha pili nyuma wakawa 3 (Tomiyasu, Yoshida, Itakura) na mabeki wa pembeni 2, yaani 3-4-2-1. Sasa kila Mjerumani wa mbele alikuwa na mtu wake.

Baada ya kuziba ndipo akafungua. Dakika ya 57 Mitoma na Asano, ya 71 Doan, ya 75 hivi Minamino akachukua nafasi ya Sakai, na Ito, winga, akarudi kucheza beki wa pembeni kulia. Doan alisawazisha dakika ya 75, Asano akafunga la pili ya 83. Kanuni iliruhusu wachezaji 5 wa akiba ndani ya vipindi 3 vya kusimamisha mchezo, na mapumziko hayahesabiwi. Alivitumia vyote 3.

Volante_Afraha, Nakuru
Mfumo ule haukuzaliwa Doha, Qatar, siku ya mechi ile. Moriyasu alikuwa kiungo mkabaji, aliyeingia Mazda mwaka 1987, klabu ambayo ndiyo Sanfrecce Hiroshima ya sasa. Hans Ooft, kocha wa Japani wakati huo, alimwita timu ya taifa mwaka 1992 akiwa hajulikani kabisa, akachukua Kombe la Asia mwaka huohuo na kufikisha mechi 35. Alikuwa uwanjani Doha Oktoba 1993, Iraq ilipopiga kona fupi dakika za majeruhi, ikasawazisha 2-2 na kuinyima Japani tiketi ya Kombe la Dunia 1994.

Mwaka 2012 alikabidhiwa Sanfrecce. Mihailo Petrović, kocha aliyemtangulia, alikuwa ameiachia 3-4-2-1, na Moriyasu hakuibomoa, aliikaza nyuma. Wakiwa na mpira, kiungo mmoja anashuka kati ya mabeki na wa pembeni wanapanda: 4-1-5. Wakiupoteza: 5-4-1. Ubingwa wa J1 (ligi kuu ya Japani) 2012, 2013 na 2015, kisha nafasi ya 3 Kombe la Dunia la Klabu 2015, wakiwafunga TP Mazembe 3-0 njiani. (Wapenzi wa soka la Afrika huisahau hiyo kwa makusudi.) Julai 2017 aliondoka timu ikiwa katika eneo la kushuka daraja, na mwaka mmoja baadaye akapewa timu ya taifa.

Nambari6_Mamboleo
Asanteni. Kwa hiyo mazoezini naanzia wapi?

JukwaaLaBukhungu
Usianze na 11. Weka mabeki 5 na viungo 2 dhidi ya washambuliaji 7, nusu ya uwanja, dakika 15. Beki wa pembeni akimfuata winga, beki wa kati wa upande huo asogee hatua chache kuziba pengo, na wa pembeni upande wa pili aingie ndani. Pengo hilo ndilo litakalokuumiza wiki za kwanza.

Kisha mtafute winga mwenye pumzi na umfundishe kukaba. Ni rahisi kuliko kumfundisha beki kupiga chenga. Akichoka dakika ya 60, mfumo unageuka mabeki 5 waliokaa tu, kwa hiyo mweke wa kumbadilisha tangu asubuhi. Ishara ya kubadili mfumo iwe moja, na kipa na nahodha waijue. Ukianza kueleza kwa kelele kutoka kando ya uwanja, umeshachelewa.

MchambuziWaNyanza
Mtaje na upande wa pili. Siku 4 baadaye alibadilisha wachezaji 5 wa kikosi cha kwanza, Kosta Rika ikajazana nyuma, Japani ikashika mpira bila kupasua, ikafungwa 1-0 na Fuller dakika ya 81. Uhispania iliyoutaka mpira ililala 2-1 mbele ya Japani. Mfumo huu unamtaka mpinzani anayekujia. Ligi zetu za kaunti, nusu ya timu hazikujii, zinapiga mipira mirefu na kurudi nyuma. Hizo zikabili kwa mabeki 4, na ile 5-4-1 uitoe ukishaongoza.