Nina milioni moja na laki tisa: saksofoni ya teno, mpya ya Kariakoo au Yamaha iliyotumika?

mpuliza_alto

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa zangu shikamooni.

Nimepuliza saksofoni ya alto miaka sita, kanisani kwanza, halafu harusi na sendoff. Alto yenyewe si yangu, ni ya kwaya, na mwezi uliopita mwenyekiti katangaza kwamba haitoki nje ya kanisa bila barua. Sina ugomvi naye. Ila nimeona muda umefika niwe na changu, na kwa kuwa sauti ninayoisikia kichwani siku zote ni ya teno, ile nzito zaidi ya alto, nimeamua kuhama kabisa.

Mfukoni nina 1,900,000. Haiongezeki, labda niuze pikipiki, na pikipiki ndiyo inayonifikisha kwenye hizo harusi. Nimezungukazunguka nimebaki na tatu.

Ya kwanza ni mpya, dukani Kariakoo, 1,450,000. Jina lililochorwa sijawahi kulisikia popote. Inang'aa hadi unajiona meno. Inakuja na begi, mkanda, kitambaa na glavu nyeupe. Muuzaji akaniuliza kwenye simu kama napenda nyekundu, nayo ipo.

Ya pili ni Yamaha YTS-23 iliyotumika, iko Tabata kwa bwana mmoja aliyekuwa akipiga hotelini, sasa kaacha. Anataka 1,800,000 na anasema ndiyo mwisho. Vanishi imechubuka pale gumba linapokaa, na kasha limefungwa kamba ya katani. Hii nimeona picha tu za WhatsApp.

Ya tatu ni Weltklang ya Ujerumani Mashariki, mali ya kikundi cha matarumbeta cha usharika wa jirani hapahapa Mbeya, 600,000. Hii nimeipuliza. Juu inaimba vizuri, chini inagugumia kama maji kwenye bomba.

Alhamisi ya wiki ijayo nashuka Dar, nitakuwa na siku mbili. Niangalie nini? Na tafadhali, mwenye jibu la "nunua Selmer" alihifadhi hadi nikishinda bahati nasibu.

Kidevu_Dodoma

Chukua mpya mkuu. Mimi nina ya Kichina isiyo na jina, huu mwaka wa tatu, kila Jumapili ibada mbili na bado inasema. Msimtishe mtu kwa "rahisi ghali" zenu, si kila mwenye kupuliza ni mtu wa hotelini.

Nitasema ukweli wote lakini. Ilipofika tu nilimpelekea fundi, kavua pedi nne (vile vifuniko laini vya matundu) kazipanga upya, na ule mdomo wa kupulizia uliokuja nayo nimemwachia mwanangu achezee. Nilinunua mdomo wa Yamaha 4C na chombo kikawa kingine kabisa. Kwa hiyo bei ya dukani sio bei. Ongeza laki mbili.

mzee_wa_dansi

Marahaba mwanangu.

Nilianza kupuliza teno mwaka 1984 kwenye bendi ya shirika moja hapa Dar. Vijana wa sasa hamjui, siku hizo mwanamuziki hakuwa na chombo. Magita, ngoma, spika, saksofoni, vyote mali ya shirika. Ukihama bendi unakabidhi stoo, unatia saini, unatoka na mkanda wako wa shingoni na ridi mbili, vile vibanzi vya mwanzi vya kwenye mdomo wa chombo, mfukoni. Kwa hiyo nimepuliza teno nyingi za watu kabla sijanunua yangu, na zilizonitesa zilikuwa za aina mbili tu: iliyowahi kuanguka na iliyokaa muda mrefu bila kupulizwa. Umri haukuwa hoja.

Hiyo YTS-23 imetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Haina nakshi wala mbwembwe, lakini noti zake zimekaa mahali pake na vidole havihangaiki kutafuta vitufe. Neno "mwanafunzi" lisikutie unyonge. Ukumbini hakuna mchezaji aliyewahi kusimama katikati ya wimbo kuniuliza modeli.

Ukifika Tabata usianze kwa kupuliza. Iombe, ishike mwenyewe, funga jicho moja uitazame kwa urefu kama fundi seremala anavyotazama mbao. Zile fimbo nyembamba zinazobeba vitufe zimenyooka? Halafu vua shingo, kile kibomba cha juu kinachovalishwa mdomo. Shingo ya teno ina kiwiko. Pitisha kidole chini ya kiwiko hicho. Ukikuta pamebonyea, au chuma kimefanya makunyanzi, ujue kuna mtu aliilazimisha wakati wa kuvalisha mdomo na shingo imeshuka. Tuni itakusumbua, na kuinyoosha si kila fundi anaweza. Ukiikuta nzima, ziba upande mpana kwa kiganja, upande wenye kizibo weka mdomoni uvute hewa. Ikikamata kiganja na kukaa, haivuji.

Sasa puliza. Anza na B-flat ya chini kabisa, maana noti hiyo inataka matundu yote yafungwe, na tundu moja likivuja litakusema. Ila wengi hukosea hapa. Wanabana vitufe kama wanakamua blanketi, noti inatoka, wanalipa. Vidole vya kukamua vinaficha hewa inayovuja. Shika kama umeshika yai, puliza kwa sauti ya kumwimbia mtoto aliyelala. Ikitoka hapo, sawa. Ikigugumia kama hiyo Weltklang yako, kuna pedi haijalala vizuri. (Pedi za saksofoni. Msianze.)

Kisha bonyeza kitufe cha oktavu, piga G, piga A, nenda urudi haraka. Kwenye G lile tundu dogo la shingoni libaki limefungwa, kwenye A lifunguke. Likijifungua kwenye G, noti itapasuka mbele ya bibi harusi.

Ile nyekundu mwachie muuzaji.

fundi_wa_upepo

Natengeneza vyombo vya upepo Nairobi, na vingi vinanijia kutoka Mombasa. Mzee amesema yote ya kuangalia, mimi niseme ya fundi.

Nikifungua teno isiyo na jina, shida kubwa huwa si sauti. Kuna zingine zinatoka na sauti nzuri tu. Shida ni chuma laini. Nanyoosha fimbo leo, mwenyewe anaibeba kwenye matatu, kesho imerudi. Skrubu inakula uzi wake. Sina mahali pa kuagiza kipande chake kwa sababu mwaka unaofuata kiwanda kimebadilisha umbo. YTS-23 nikikosa kipande kipya natoa kwenye nyingine iliyokufa, kinaingia bila ugomvi.

Ukiwa na mashaka na pedi, kata karatasi ya sigara kwa wembe, kipande chembamba, kiweke chini ya pedi, funga polepole, vuta. Zunguka pande nne. Upande ambao karatasi inachomoka bila kukwaruza ndio unaovuja. Njia ya haraka zaidi ni taa. Nunua taa ndogo ya waya inayoweza kushuka ndani ya bomba, ingia chumba chenye giza, funga vitufe, uone mwanga unachungulia wapi.

Pwani angalia springi pia. Zile kama sindano ni za chuma, na hewa ya chumvi inazila. Ukiona unga wa kutu kwenye mashina, hesabu kwamba zitakatika moja moja, na zitachagua siku ya shoo. Kitufe cha G# kikikwama, hilo si ugonjwa. Zote hukwama, weka karatasi ufute.

Lakini mbona mnaipita hiyo Weltklang? Laki sita! Shaba yake ni nene. Pedi zote za teno ni kama 25, na ikibadilishwa zote na fundi anayejua bado utakuwa hujafika bei ya Kariakoo. Ubaya wake ni vitufe vya kidole kidogo cha kushoto, ni vizito, utavikasirikia mwezi wa kwanza. Ni swali tu: kuna fundi Mbeya?

mpuliza_alto

Hakuna fundi. Aliye karibu ni yule anayeziba masufuria, na ndiye aliyelehemu tarumbeta la usharika likatoka na uvimbe.

fundi_wa_upepo

Basi iache. Nenda Tabata.

dada_wa_Hamburg

Nadandia uzi. Kama kuna ndugu anayetaka kukutumia kutoka huku, teno zilizotumika zipo, ila ukijumlisha nauli ya ndege, ushuru na VAT ya asilimia 18, ile "rahisi" inayeyuka. Na kuna mitego miwili ambayo nusura initie hasara mwenyewe.

Marekani miaka ya 1920 zilitengenezwa saksofoni nyingi za C. Umbo ni kati ya alto na teno, na watu waliozikuta darini kwa babu huziuza wakiziita teno. Ya pili, zipo za zamani zilizotengenezwa kwa tuni ya juu, A yake hezi 457 hivi badala ya 440. Karibu na namba ya chombo wamegonga H. Huwezi kuishusha ikakaa na kinanda, hata uvute mdomo namna gani.

Dawa ni programu ya kutunia kwenye simu. Weka kidole cha kati cha kushoto peke yake, yaani C. Teno simu itaandika B-flat. Alto ni E-flat. Ikiandika C, mrudishie mwenyewe na umshukuru kwa chai.

mpuliza_alto

Nimerudi wakuu, niko Mbeya, mikono bado inanuka mafuta ya vitufe.

Nilianza Kariakoo, nisije nikamhukumu mtu bila kumsikiliza. Na sitasema uongo, B-flat ya chini ilitoka! Vidole laini, sauti ndogo, ikatoka. Nikaanza kuhesabu pesa kichwani. Halafu nikakumbuka simu. D ya kati ikapanda senti 35 (senti mia ni nusu toni), nikalegeza midomo ikashuka lakini A nayo ikashuka nayo. Nikamwonyesha muuzaji, akasema "utazoea." Nikaweka gumba kwenye fimbo ya kitufe cha C ya chini, nikasukuma kidogo sana, kama unavyosukuma mlango uone kama umefungwa. Ikapinda. Nikarudisha chombo begini taratibu na glavu zake.

Tabata nilifika saa moja jioni, umeme umekatika. Mwenye nyumba anaomba radhi, anatafuta mshumaa, mimi nafurahi rohoni kwa sababu nilikuwa na taa ya waya niliyoinunua elfu tano palepale Kariakoo. Nikaishusha ndani ya bomba sebuleni gizani. Yule bwana kapiga chombo hicho miaka mingi, hajawahi kukiona hivyo. Akaja akachuchumaa pembeni yangu, tukawa tunatazama wote wawili. Mwanga ulichungulia sehemu mbili tu: G#, na E-flat ya chini, ambayo ngozi ya pedi imechanika ukingoni. Shingo safi, kiwiko kizima, springi mbili zina kutu. Fimbo zimenyooka. Nikapuliza, ya chini ikagugumia kidogo. Yeye akaichukua, akapiga mistari kama minne, sijui wimbo gani, akanirudishia bila kusema neno.

Ile "mwisho" yake ikawa 1,650,000. Nilimwambia wazi zile pedi mbili na springi ni kazi ya fundi, akakubali kabla sijamaliza. Kesho yake fundi aliyenielekeza yeye mwenyewe, pale Ilala, kanitoza 90,000 na kanifanyia nikiwa nimekaa. Nilibakiwa na laki na sitini.

Kwenye basi kondakta alitaka iende buti. Nikamwambia nilipie siti yake? Akacheka, nikaipakata Dar hadi Mbeya, magoti yakafa ganzi Mikumi.

Jumapili nimeipuliza ibada ya pili. Kinanda kikatoa F, na mimi kwa mazoea ya alto nikaingia D, ambayo kwenye alto ndiyo F hiyo, kwa nguvu zote, teno ile, kanisa zima. Mwenyekiti aligeuka. Baadaye nikaipata G yangu nikatulia, ila pumzi inayotaka chombo hiki, jamani, ubeti wa tatu niliona nyota.

Swali jingine dogo. Ridi alizonipa ni namba 3, kwangu ni ubao. Namba 2 za teno hapa Mbeya sijaziona duka lolote, na sanduku la tano nimeambiwa karibu elfu tisini. Kuna mwenye moja moja?

mzee_wa_dansi

Namba 2 sina. Nina 2 na nusu, zimebaki mbili, hazijaguswa. Niandikie pembeni jina la basi na siku, nitamkabidhi dereva pale stendi ya Magufuli zikiwa ndani ya kiberiti kikubwa. Zikikuzidi, isugue bapa yake taratibu kwenye msasa laini kabisa uliolazwa juu ya kioo, mara tatu, ujaribu, mara tatu, ujaribu. Usiguse ncha.

Na hiyo kamba ya katani ibadilishe.