Kahawa ya Mbinga: chachu na chungu kikombe hicho hicho, nakosea wapi?

Chenga_Arusha:
Wakuu, naomba ushauri. Nina arabika ya Mbinga, gredi ya PB (punje za mviringo, moja kwa kila tunda), imekaangwa kiasi, ina siku tisa tangu ikaangwe. Nasaga kwa blenda ya viungo, nachuja kwa koni ya V60 na karatasi. Naweka vijiko viwili vya chakula. Maji yakichemka nayaacha dakika tano ndipo namimina. Mwanzo wa funda ni uchachu, mwisho uchungu na ukakasi kama wa bibo. Na inachelewa kushuka, dakika tano nzima. Ninunue kahawa nyingine?

Mkaangaji:
Kahawa usiiguse, siku tisa ndiyo iko vizuri kabisa. Uchachu na uchungu vikija pamoja, shuku usagaji kwanza. Blenda haisagi, inakatakata, kwa hiyo unapata vumbi na chenga kwa mkupuo mmoja. Vumbi linakamuliwa upesi hadi linapitiliza, ndiyo uchungu na ukakasi. Chenga maji hayafiki ndani, ndiyo uchachu. Ukimaliza kuchuja tazama karatasi: ukikuta tope laini limegandamana ukutani kama udongo wa mfinyanzi, hilo ndilo linaloziba maji.

Dawa ya kudumu ni kinu cha mkono chenye meno ya chuma. Kwa sasa pima gramu 20, saga kwa mikupuo ya sekunde mbili mbili huku ukitikisa blenda, kisha chekecha kwa chujio la chai lenye matundu madogo. Vumbi tupa bila huruma. Gramu 15 zitakutosha.

MizaniKwanza:
Hapo kwenye vijiko pia pana shida. Punje za PB ni ndogo na za mviringo, zinashonana, kijiko kinabeba nyingi kuliko unavyodhani. Tafuta mizani ya jikoni.

Kahawa gramu 15, maji gramu 240. Suuza karatasi kwa maji ya moto, uyamwage. Mimina gramu 40, subiri sekunde 40 hewa itoke; utaona inaumuka kama unga wa maandazi. Endelea polepole kwa mzunguko hadi 140, kisha 240 ifikapo dakika 1:45. Iishe kushuka kwenye dakika ya tatu hivi.

Maji_Moto:
Mkuu, uko Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ukiyaacha dakika tano yanapoa mno, na huo uchachu unazidi. Mimina yakitoka tu jikoni. Kusubiri kidogo kunamfaa aliye Dar.

Chenga_Arusha:
Asanteni sana. Nikipata kinu nianze kurekebisha wapi? Na je, PB ni bora kuliko AA?

Mkaangaji:
Shikilia 15 kwa 240 na moto ule ule, badili usagaji peke yake. Ikishuka chini ya dakika mbili na robo na ni chachu, saga laini zaidi. Ikipita tatu na nusu na inakakasa, ongeza ukubwa wa chenga. Ukibadili mawili kwa pamoja hutajua lipi limesaidia.

PB ni umbo tu: tunda limetoa punje moja badala ya mbili. AA ni ukubwa wa punje. Vyote havikuambii ladha. Dukani ulizia tarehe ya kukaangwa. Muuzaji akikuonyesha ya kuisha muda pekee, hiyo iache.