Waliowahi kuvua makava ya dashibodi, tupeane uzoefu

Kigoda: Leo jirani anafunguliwa redio ya gari, nikasikia ule mlio wa klipu, vile vishikizo vya plastiki vya kava, "kwaa!" Mwili ukanisisimka. Waliopitia haya, mwagikeni.

SpanaKumi: Mlio huo mkuu! Hujui imeachia au imevunjika.

Mzee wa Bampa: Mimi fundi alikuja na bisibisi bapa. Nikamwambia kaka, izungushie hata kitambaa. "Hizi nazijua." Ncha ikachimba dashibodi, kovu lipo mpaka leo. Kava likatoka upande mmoja, wa pili umegoma, akavuta. Kumbe kuna skurubu imejificha nyuma ya kifuniko kidogo pale juu ya saa. Sikio la kava likakatika. Waya wa swichi ya hazadi, zile taa za tahadhari, nao bado umechomekwa, kava zima likaning'inia hapo. Kurudisha sasa: klipu mbili zilikwama kwenye matundu ya dashibodi badala ya kutoka na kava. Yeye akapigilia ngumi. Barabara ya vumbi gari ni kayamba tupu.

TaaNyekundu: Heri yako. Kwangu walichomoa soketi ya njano ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali), mtu akawasha swichi ajaribu redio. Soketi ikarudishwa, taa ya eabegi ikagoma kuzima mpaka hitilafu ilipofutwa kwa mashine ya kupimia gari. Toeni waya hasi wa betri kwanza, msubiri dakika kadhaa.

Bisibisi Butu: Betri ya nini kwa kava la redio? Mnatishana tu.

TaaNyekundu: Na la usukani, penye eabegi?

Bisibisi Butu: Nimesema REDIO. Soma.

SpanaKumi: Redio nyingine ukitoa betri zinadai namba ya siri. Itafute mapema.

Binti Gia: Gombaneni tu. Mimi nilishusha droo ya dashibodi nibadilishe filta ya AC, nikakuta panya kazaa! Vitoto vyekundu, havina hata unyoya, vimelala kwenye filta iliyotafunwa. Mama mtu akapita juu ya mkono wangu, akazama kwenye tundu la feni. Nilitokea mlango wa abiria, skurubu mdomoni.

Kigoda: 😂😂 Hukuzimeza?

SpanaKumi: Mama panya je?

Binti Gia: Shemeji yenu alitaka awashe feni. Tulinuniana.

Bisibisi Butu: Kagua waya dada, panya hutafuna maganda yake.

Kigoda: Turudi kwenye makava. Plastiki kuukuu ikiwa ya baridi inakatika, ipashe kwa draya.

Mzee wa Bampa: Draya iikunje? Egesha juani.

Kigoda: Jua ndilo lililoikausha, mzee wangu!

Binti Gia: Mimi droo haishuki taratibu tena, inadondoka puu.

TaaNyekundu: Ule mkono mdogo wa pembeni haujachomekwa. Uchomeke kwanza, ndipo ubane mabega ya droo ndani. Ukitanguliza mabega, vidole havipiti.