Sh 10,000 kuonyeshwa mapipa ya Ulaya, hapa hapa Dodoma!

Mbukwenyi wakuu. Siku tatu nimejipa nikidhani hasira zitapoa, wapi.

Jumamosi nilimpeleka mzee wangu kwenye kale kajumba ka "makumbusho ya mvinyo wa asili" nje kidogo ya mji. Jina silitaji, waliofika wanakajua. Mzee amelima zabibu Mpunguzi tangu enzi za DOWICO, kile kiwanda cha mvinyo cha zamani cha Dodoma. Kiingilio Sh 10,000 kwa kichwa, nadai risiti naambiwa "mashine mbovu, bosi". Haya, tukaingia.

Ukutani picha za mashamba ya Italia na Ufaransa. Pipa la mwaloni. Chupa tupu zimepangwa kama baa iliyofilisika. Mapadri wa misheni ya Bihawana, waliokuwa kati ya wa kwanza kulima zabibu huku, wamepewa mstari mmoja, na zabibu ya Makutupora, aina yetu ya hapa hapa Dodoma, haipo hata kwenye picha! Kijana wa kutembeza wageni akatueleza kwa mbwembwe kwamba zabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, baridi kali ikishapita. Baridi kali ya wapi? Mzee akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, sisi tunavuna mara mbili. Ukishapogoa, hesabu kama miezi minne, unaingia shambani na makreti." Akajibiwa, "Mzee, hiyo siyo ya kitaalamu."

Nilitaka kupasuka.

Halafu huo "asili" wanaousema uko wapi? Mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi anaoutengeneza mkulima mwenyewe na kuuza, hautajwi popote. Mkulima wa huku kiwanda kikimwambia matenki yamejaa, zabibu hazimsubiri, zinaoza. Kwa hiyo unaziponda mwenyewe, unaziacha na maganda yake kwenye pipa la plastiki, unatia hamira. Maganda yanapanda juu, asubuhi na jioni lazima uyazamishe, ukizembea mchuzi unageuka siki. Kisha unakamua, unachuja, unajaza simtanki na kufunga vizuri hewa isiingie, unasubiri mnunuzi. Hiyo kazi mama yangu kaifanya hadi mikono ikawa ya zambarau, na ada yangu ya sekondari imetoka humo. Lakini pipa la plastiki halina mvuto kwa mtalii, sivyo?

Chumba cha pili kuna kibuyu kimeandikwa "chombo cha maji". Mzee akakiangalia, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Cha wujimbi kile! Ukiwa Ugogo unashindwaje kutambua kibuyu cha pombe?

Kilichoniuma zaidi nilikijua tukiwa kwenye bajaji tunarudi. Mzee akatoa kwenye mfuko wa koti mkasi wake wa zamani wa kupogolea, kaufunga kwenye kitambaa. Alikuja nao awape bure, wauweke pale.

Mwenye kujua ni nani anawapa hawa kibali aniambie hapa. Na risiti yangu bado naidai.