Mjadala: Je, Lalu Prasad Yadav alikuwa na haki ya kukigeuza chama chake cha RJD kuwa chama cha familia?

Ndugu zangu, naleta hoja hii tuijadili kwa uwazi. Msimamo wangu nauweka mapema: Lalu aliwafanyia wanyonge wa Bihar, jimbo la India, jambo kubwa, kisha akawafungia mlango wa kutoa kiongozi mwingine kutoka miongoni mwao.

Kwa asiyemfahamu: alizaliwa 1948 kijijini Phulwaria, wilaya ya Gopalganj, katika familia maskini ya Wayadav, jamii ya wafugaji. Aliibukia siasa za wanafunzi mjini Patna, akawekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari ya Indira Gandhi, na 1977 akaingia bungeni akiwa hajafikisha miaka 30. Binti yake wa kwanza alimwita Misa, kwa kuwa MISA ndiyo sheria iliyomweka ndani. Mwaka 1990 akawa waziri kiongozi wa Bihar, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, na Oktoba ya mwaka huo akaamuru L. K. Advani, kiongozi wa BJP, chama cha wazalendo wa Kihindu, akamatwe Samastipur; msafara wake wa kuelekea Ayodhya, kudai hekalu lijengwe penye msikiti, ukakomea hapo. Waislamu wa Bihar walimkumbuka kwa hilo miaka mingi. Na watu wa matabaka ya chini, waliozoea kuinamisha kichwa mbele ya mwenye shamba, kwa mara ya kwanza waliona mkubwa wa serikali anayezungumza kama wao. Anayembeza Lalu bila kulitaja hili hamtendei haki.

Kisha ikaja kashfa ya lishe ya mifugo. Fedha zilichotwa katika hazina za serikali kununua chakula cha mifugo ambayo haikuwapo. Julai 1997, wiki chache tu baada ya kuunda chama chake cha RJD, alilazimika kujiuzulu, na kiti akamkabidhi mkewe, Rabri Devi, mama wa nyumbani ambaye hakuwahi kushika wadhifa wowote.

Hapa naomba tutenganishe mambo mawili. Kejeli nyingi alizotupiwa Rabri, kwamba hana shule, kwamba ni mama wa watoto tisa anayejua jiko tu, zilikuwa dharau ya waliosoma kwa mwanamke wa kijijini. Siziungi mkono hata kidogo. Ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza Bihar, na baada ya uchaguzi wa 2000 alirudi kwenye kiti hicho hicho. Lawama yangu ni kwa namna alivyopatikana: chama kilichojaa wapiganaji wa miaka mingi kilipewa kiongozi kutoka chumbani kwa mwenyekiti.

Wanaomtetea Lalu wana hoja nzito, nami naikiri. Wanasema angempa mtu mwingine, kiti kisingerudi. Wanamtaja Jitan Ram Manjhi, Mmusahar, mtu wa moja ya jamii zinazodharauliwa kuliko zote. Nitish Kumar, waziri kiongozi wa wakati huo kutoka chama kingine, alimwachia uongozi wa Bihar Mei 2014, na ulipofika Februari 2015 Manjhi hakutaka kuondoka mpaka vuta nikuvute kubwa ikatokea. Sawa. Lakini tazameni kilichofuata: Nitish alirudi, chama chake hakikufa, na Manjhi akaanzisha chake, leo ni waziri katika serikali kuu. Mmusahar alikalia kiti kile. Hasara ya Nitish ilikuwa faida ya nani?

Wengine watasema watoto wa Lalu wamechaguliwa kwa kura. Kura hupigwa baada ya tiketi kugawiwa, na tiketi hugawiwa nyumbani. Mwaka 2015 mwanawe Tejashwi, mwenye miaka 26, alishinda uchaguzi wake wa kwanza na papo hapo akawa naibu waziri kiongozi. Kaka yake Tej Pratap akapewa wizara ya afya. Uwezo wa Tejashwi siukatai. Katika uchaguzi wa Bihar wa 2020 aliizungumzia ajira kuliko tabaka, na RJD ikaongoza kwa viti 75. Ila chama kikiwa mali ya nyumba moja, ugomvi wa nyumba huwa ugomvi wa chama. Mei 2025 Lalu alimfukuza Tej Pratap chamani na katika familia. Novemba, katika uchaguzi wa Bihar, RJD ikaporomoka hadi viti 25 kati ya 243, na siku iliyofuata Rohini, binti aliyempa baba yake figo mwaka 2022, akatangaza kuachana na siasa na familia yake.

Najua mtanitajia Chirag Paswan na Samrat Choudhary, watoto wa wanasiasa walioko upande wa BJP. Ni kweli, na ndiyo maana siyapokei malalamiko ya BJP kuhusu siasa za kifamilia. Lakini kwa Lalu jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu aliinuka akipinga mtu kupewa hadhi kwa ukoo aliozaliwa. Aliyemtangulia katika mapambano hayo, Karpoori Thakur, mtoto wa kinyozi, aliiongoza Bihar mara mbili na alikufa 1988 bila kumwingiza mwanawe siasani. Kwa hiyo mfano ulikuwepo, tena wa mtu aliyemjua. Mnaosema hakuwa na njia nyingine mwaka 1997, nijibuni kwa nini njia ya Karpoori haikumfaa.