Naombeni ushauri: nimeletewa notisi ya wakili kwa posti moja tu

MlimaMtama: Wakuu, nipo Dodoma, usingizi sina. Mwezi uliopita niliandika kwenye grupu la mtaa, kwa laini isiyojulikana na mtu, kuwatahadharisha watu na dalali anayeuza kiwanja kimoja mara mbili huko Nala. Jina sikutaja. Leo wakili wake ananitaka niombe radhi ndani ya siku 14, la sivyo mahakamani. Wamenijuaje?

MtotoWaKizota: Pole mkuu. Mimi niliuziwa kiwanja Ihumwa, kufika nakuta mzee kapanda zabibu. Akanipa na kikapu. Mpaka leo tunasalimiana.

MamaWawili: Mdomo uliponza kichwa. Mwenyekiti wa mtaa hukumuona?

WakiliPori: Jina si lazima, watu wakimtambua kwa maelezo inatosha. Uliandika nini hasa? Na notisi kaletewa nani?

MlimaMtama: "Yule kipara wa Hilux nyeupe." Ni kweli lakini!

WakiliPori: Kaletewa nani?

MlimaMtama: Mama, Mpwapwa. Laini imesajiliwa kwa kidole chake. Nimeshaivunja, na nimemwambia aseme iliibiwa. Naona ndiyo njia salama.

MamaWawili: Mama yako mzazi?! Mungu anakuona.

WakiliPori: Salama kwa nani? Ukweli ni kinga kwenye kashfa, ila uwe na ushahidi. Tangu marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Huduma za Habari kashfa imebaki ya madai, lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, bado ipo: taarifa ya uongo ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Mikataba ya hao wanunuzi unayo?

MlimaMtama: Sina. Shemeji ndiye aliniambia. Ila mtaa mzima unajua.

Nzige72: Hii chai. Jina la mwenye laini kalitoa wapi? Maxence Melo, mwanzilishi wa JamiiForums, alipandishwa mahakama ya Kisutu 2016 kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama wake, leo wakili wa dalali apewe kama karanga?

MtotoWaKizota: Jifanye unamtumia buku kwa simu. Kabla ya namba ya siri, jina hilo hapo.

Nzige72: Sawa, na Mpwapwa kapajuaje? Soma swali lake la kwanza: "Wamenijuaje?" Huyu ndiye dalali, anatafuta jinsi ya kumpata aliyemwandika. Wakuu, msimpe mbinu.

MlimaMtama: Dalali? Mimi nina nywele, mkuu!

MtotoWaKizota: Weka picha.