Nafasi moja ya moto: Charizard, Arcanine au Ninetales?

Wa Michenzani (mwenye mada)

Niliweke suala wazi kabla hatujaanza kurushiana maneno. Barzani kwetu tumerudi kwenye Pokémon za mwanzo kabisa, ile michezo ya video ya kufuga na kupiganisha viumbe, matoleo ya Red na Blue, wengine kwa Game Boy za mtumba, wengine kwa emuleta ya simu, na usiku baada ya tarawehe ndipo mambo huchangamka. Sharti tulilowekeana ni hili: timu ni viumbe sita, lakini wa moto awe mmoja tu. Tangu hapo hatuelewani. Karibu kila mtu anakuja na Charizard, na ukimuuliza sababu anakujibu, "Si Charizard huyo!" Hiyo si hoja, yakhe.

Mie nasimama na Ninetales, mbweha wa mikia tisa, na naanzia kwenye ramani. Moto unahitajika wapi hasa katika mchezo ule? Jimu, yaani ukumbi wa kupigania beji, ya kwanza ni ya Brock, mwenye viumbe wa mawe. Ya pili ya Misty, maji. Ya tatu ya Lt. Surge, umeme. Kazi ya maana ya kwanza kwa kiumbe wa moto iko jimu ya nne, Celadon, kwa Erika mwenye majani: Victreebel, Tangela na Vileplume. Na ukishafika Celadon moto uko mlangoni. Njia ya 7 na ya 8 wamejaa Vulpix (ndiye anayegeuka Ninetales) ukiwa na Blue, au Growlithe (ndiye anayegeuka Arcanine) ukiwa na Red, na Fire Stone, jiwe la kuwageuza, inauzwa duka kubwa la mji huo huo kwa 2,100. Sasa wewe uliyembeba Charmander, yaani Charizard mdogo, tangu mji wa kuanzia wa Pallet, ukarushiwa mawe, ukaogeshwa maji, ulikuwa unawahi nini? Chukua Squirtle wa maji au Bulbasaur wa majani mwanzo, moto utaukuta njiani.

Halafu kuna hesabu. Katika matoleo yale ya 1996 pigo lolote la moto hupimwa kwa Special, yaani nguvu na kinga ya mapigo yasiyo ya mwili, halipimwi kwa Attack, nguvu ya mapigo ya mwili. Ninetales ana Special 100. Charizard 85. Arcanine 80. Kasi ya Ninetales ni 100 pia. Vulpix anajifunza Confuse Ray ya kumchanganya adui levo 28, Flamethrower levo 35, Fire Spin levo 42. Na Fire Spin ya zamani haikuwa mzaha: adui anafungwa raundi mbili mpaka tano, hapigi kitu, anaungua tu.

Na kuna ile habari ya ensaiklopidia ya mchezo kwamba ukimshika mkia mmoja katika ile tisa unaweza kulaaniwa miaka 1,000. Wapemba, nyie ndio mlitakiwa mnielewe zaidi hapa.

Wa Wete

Kaka, utani wa Wapemba na laana tumeuzoea, tunaupokea. Lakini hilo la Brock ni porojo linalorudiwa na kila mtu ambaye hajajaribu. Charmander anapata Ember levo 9. Mawe yanaupunguza moto nusu, sawa, lakini Geodude na Onix wote Special yao ni 30. Thelathini! Onix wa Brock ni levo 14, na Ember ile ile iliyokatwa nusu inammaliza taratibu ukiwa na subira kidogo. Shida ya kweli ni Misty na Starmie wake wa levo 21, na hapo hata mimi huwa namtuma mwengine.

Tuje kwenye jambo ambalo Michenzani amelipita kimya kimya. Slash, pigo la makucha. Katika toleo lile pigo la hatari (critical hit, lile linaloumiza zaidi) hutegemea kasi ya asili ya kiumbe, na Slash inaizidisha nafasi hiyo mara nane. Charizard ana kasi 100. Maana yake Slash yake inaingia kwa hatari karibu kila ikipigwa. Si bahati hiyo, ni mashine. Ongeza Earthquake, pigo la ardhi, ambayo Ninetales na Arcanine hawafundishiki. Akikuta maji ana Slash, akikuta umeme ana Earthquake. Ninetales wako akikutana na Blastoise wa maji atafanya nini, atampepea mikia?

Dada wa Jang'ombe

Assalaam alaykum. Naona kaka zangu mnagombana nyie wawili mkamsahau mwenye haki yake.

Nendeni mbele zaidi ya Celadon. Nendeni kwa wale wanne wa mwisho, mabwana wa kumalizia mchezo. Lorelei anaitwa wa barafu, lakini Dewgong, Cloyster, Slowbro na Lapras wote ni wa maji. Wa kuunguzwa pale ni Jynx peke yake. Bruno ana Onix wawili. Agatha mizimu na sumu, moto hauna faida yoyote ya ziada. Lance ana Gyarados, Dragonair wawili, Aerodactyl na Dragonite, na wote hao moto unawaingia nusu. Kwa hiyo anayesifu Special ya moto anasifu silaha ambayo mwisho wa safari haina pa kupigia.

Ndiyo maana mimi nasema Arcanine. Ana uhai 90, Attack 110, kasi 95. Mfundishe Body Slam ile ya kwenye meli ya S.S. Anne, yenye nguvu 85 na nafasi ya asilimia 30 ya kumpoozesha adui. Moto wake uwe akiba tu. Na Blaine mwenyewe, bwana wa moto wa Cinnabar, katika Red na Blue kiumbe wake wa mwisho kumtoa ni Arcanine wa levo 47. Hana Ninetales pale, wala hana Charizard.

Kasoro yake naisema mwenyewe kabla hamjanirukia: Growlithe hapati Flamethrower mpaka levo 50, na ukimwekea jiwe mapema Arcanine hajifunzi tena chochote kwa kupanda levo. Wengi wenu mnamwekea jiwe siku ile ile mliyolinunua, kisha mnasema Arcanine dhaifu.

Wa Mkoani

Mbona hakuna anayemtaja Moltres, ndege wa moto? Special 125. Mjadala umekwisha.

Dada wa Jang'ombe

Mdogo wangu, Moltres anapatikana Victory Road, levo 50, beji zote nane mkononi. Mgeni wa kuja wakati majamvi yanakunjwa. Tena anakuja na Peck na Fire Spin tu, inayofuata ni Leer. Sky Attack mpaka levo 60. Barzani kwenu mnacheza mpaka Iddi ya mwaka gani?

Wa Wete

Hahaha. Huyo wa Mkoani tumsamehe, ni wa kwetu.

Ila dada, Body Slam yako ina nguvu 85, Slash yangu 70, sawa. Lakini ya kwangu ni hatari karibu kila mara, na hatari huhesabiwa kama vile levo yako imezidishwa mara mbili. Piga hesabu tena. Na kama hesabu hamzitaki, muulizeni mtu yeyote mtaani amtaje kiumbe mmoja wa moto. Kadi moja ya Charizard ya toleo la kwanza la 1999 iliuzwa zaidi ya dola 400,000 mwaka 2022. Nionesheni kadi ya Ninetales ya bei hiyo.

Wa Michenzani (mwenye mada)

Bei ya kadi haimpigi mtu, yakhe. Na hilo la watu wa mtaani ndilo lililonifanya nianzishe mada. Charizard ana mabawa lakini katika Red na Blue hafundishiki Fly, ile ya kukurusha mji hadi mji, mpaka lilipokuja toleo la Yellow ndipo wakamrekebishia. Joka lenye mabawa linavushwa bahari na njiwa!

Dada, hoja yako ya wale wanne imenibana kuliko ya Wete, nakiri ni nzito. Lakini Blaine wa Yellow anamtoa Ninetales wa levo 48 kwanza.

Dada wa Jang'ombe

Na anamaliza na nani? Arcanine levo 54. Kutangulia kutolewa ndiko unakokuita heshima wewe?

Wa Michenzani (mwenye mada)

Haya. Lakini sharti letu barzani si kupigana na Lance, ni kupigana sisi kwa sisi kwa waya wa kuunganisha Game Boy mbili. Na mtu hapigani kama Lance. Mtu atabadilisha, atakimbiza, atalaza. Hapo Confuse Ray na Fire Spin zina thamani ambayo Body Slam haina: adui aliyefungwa hata dawa yake ya usingizi hawezi kukurushia. Mnapima viumbe kwa kompyuta isiyofikiri halafu mnakuja kucheza na binadamu.

Wa Wete

Fire Spin ina uhakika wa asilimia 70. Ikikosa?

Wa Michenzani (mwenye mada)

Ikikosa nimekosa. Yako Slash ikipiga haijaniua kwa moja.

Wa Wete

Kwa mbili basi. Na Swords Dance, ya kujiongezea Attack, nisikuchoshe nayo, maana najua utasema pigo la hatari katika toleo lile halihesabu nguvu ulizojiongezea. Ni kweli, kwa hiyo naiacha, nafasi nampa Earthquake.

Ngoja lakini. Kasi ya Charizard 100. Ya Ninetales 100. Wote levo 50. Nani anatangulia?

Wa Mkoani

Atakayekuwa kazaliwa mwepesi au kapigana zaidi. Nani kati yenu ameangalia namba za wa kwake?

Dada wa Jang'ombe

Kimya hicho. Ijumaa baada ya Isha, Wete panda boti uje, na waya ulete wewe, wa Michenzani umekatika kichwa tangu wiki iliyopita. Mshindi nampokea mimi na Arcanine.